Riwaya za Mama na Mtoto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hapa yamekusanywa maswali ambayo wasomaji huyarudia kila wanapotafuta riwaya inayomtazama mama kwa karibu: mama aliyechoka, aliyekimbia, aliyefiwa, anayependa hadi anabana, au aliyeshindwa kupenda. Tunaanza na ya msingi, kisha tunaingia kwenye mazito. Kitabu kilichoelezwa mahali pengine hakielezwi tena, utaelekezwa kilipo. Jibu linalofichua mwisho wa hadithi limetajwa hivyo mapema.

## Kwa kuanzia

Riwaya ya mama na mtoto ni ipi hasa? Si kila riwaya ina mama ndani yake?

Karibu kila riwaya inaye, lakini mara nyingi yuko jikoni. Anapika, anatoa nasaha, analia msibani, na hadithi inaendelea na watu wengine. Zinazozungumziwa hapa ni zile ambazo ukimwondoa mama, au ukiondoa kilichoharibika kati yake na mwanawe, hadithi inaanguka.

Mimi hupima kwa swali moja: je, mama huyu ana jambo analolitaka yeye mwenyewe, mbali na watoto kula, kuvaa na kusoma? Asipokuwa na tamaa, hasira wala siri, basi mwandishi ametunga sifa za mama. Sifa hizo tunazo tele kwenye taarabu na kwenye kanga, na ni nzuri mahali pake. Riwaya ina kazi nyingine.

Sijawahi kusoma riwaya ya namna hii. Nianze na ipi?

Ukitaka Kiswahili, anza na *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei (2014), lakini usome kama mtu mzima, usahau maswali ya mtihani. Ukiweza Kiingereza, anza na *The Joys of Motherhood* ya Buchi Emecheta (1979). Na kama muda wako ni mchache, chukua *Barua Ndefu Kama Hii*, tafsiri ya kitabu cha Mariama Bâ wa Senegal. Ni kifupi, unakimaliza Jumamosi na Jumapili, na kitakukaa kichwani mwezi mzima.

Kwa Kiswahili zipo kweli, au mambo haya yameandikwa kwa Kiingereza tu?

Zipo, ila hatukuzoea kuziita hivyo. Nyingi tulizisoma shuleni, tukajibu dhamira na wahusika, tukarudisha kitabu kwa mwalimu.

Chukua *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi (1971). Tumezoea kuisoma kama kisa cha baba mkali, Zakaria, na binti aliyefungiwa mno hadi alipofunguliwa akapotea. Isome tena, safari hii umfuate Regina, mama yake Rosa. Mwangalie Zakaria anapompiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana, halafu ujiulize mama alikuwa na nafasi gani ya kusema neno katika nyumba ile ambamo naye mwenyewe hupigwa. Kezilahabi hamtetei wala hamhukumu. Ukimya wa Regina ni sehemu ya malezi aliyoyapata Rosa, na ndipo riwaya inapouma.

Ipo *Watoto wa Mama Ntilie* ya Emmanuel Mbogo (2002). Mama anauza chakula, mumewe Lomolomo anakunywa pombe, na watoto wao Peter na Zita wanarudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada na sare. Kila shilingi anayoipata mama imeshapangiwa kazi kabla sufuria haijashuka mekoni. *Nguu za Jadi* ya Clara Momanyi nayo ina Mangwasha, anayejikaza kulea huku mumewe Mrima akizama kwenye ulevi. *Siku Njema* na *Kidagaa Kimemwozea* za Ken Walibora zimeelezwa chini, katika sehemu ya mama aliyeondoka.

Zipi za nje zimetafsiriwa kwa Kiswahili?

*Barua Ndefu Kama Hii*, iliyotajwa juu, na *Shujaa Okonkwo*, tafsiri ya mwaka 1973 ya riwaya maarufu ya Chinua Achebe. Watu hushangaa kuiona *Shujaa Okonkwo* kwenye orodha ya mama na mtoto. Wasome habari za Ekwefi na Ezinma watatulia. Ekwefi amezaa watoto kumi na kuzika tisa. Huyo mmoja aliyebaki, Ezinma, humwita mama yake kwa jina, kama rika lake, na wawili hao hula mayai kwa siri chumbani kwa sababu mtoto hakutakiwa kupewa mayai. Usiku ule kuhani wa kike anapombeba Ezinma mgongoni kwenda naye pangoni, Ekwefi anawafuata gizani hatua kwa hatua, akiapa moyoni kwamba akisikia mtoto analia ataingia ndani kumpigania na miungu yote. Ni kurasa chache tu katika kitabu cha mwanamume na ngumi zake, na kwangu ndizo bora kuliko zote zilizomo.

Ipo pia *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Humo mama hayupo mbele, lakini Yusuf anachukuliwa kwao akiwa na miaka 12 kulipia deni la baba yake, na pengo la mama linatembea naye safari nzima.

## Kuzaa na kutozaa

Kwa nini The Joys of Motherhood haikosi kwenye orodha yoyote?

Kwa sababu Emecheta alikaa akahesabu gharama, shilingi kwa shilingi. Riwaya inafunguka Lagos mwaka 1934, mwanamke anakimbia barabarani alfajiri kuelekea Daraja la Carter akajitupe. Jina lake ni Nnu Ego, na amemkuta kichanga wake wa kiume, Ngozi, amekufa. Kutoka hapo ndipo tunarudishwa nyuma kujua amefikaje.

Alikuwa ameolewa kwanza huko Ibuza na Amatokwu, akakosa mimba. Mume akamweka kando na kuoa mke mwingine, ambaye akazaa upesi. Nnu Ego akawa anamchukua mtoto wa mke mwenza na kumpa titi lake lisilo na kitu, mpaka akafumwa. Babaye akaja kumchukua, akampeleka kwa mume wa pili mjini: Nnaife, dobi wa Wazungu, mtu ambaye hata sura yake haikumpendeza. Baada ya Ngozi watoto wengine wanakuja, tena wengi. Anauza sigara na viberiti, anauza kuni, anashinda njaa. Nnaife anachukuliwa vitani. Mwana mkubwa, Oshia, anasomeshwa kwa jasho hilo mpaka anafika Marekani.

Usiyependa kujua mwisho ruka aya hii. Nnu Ego anakufa usiku kando ya barabara, hana mtoto wala rafiki wa kumshika mkono. Ndipo watoto wanakusanyika kumfanyia mazishi ya kifahari na kumjengea mahali pa matambiko, ili wajukuu waje kumwomba uzazi. Wanaomba. Hawapi.

Nani hapa kwetu hamjui mama aliyeuza maandazi na mkaa kumfikisha mwanawe ughaibuni, kisha mwana akatuma mchango wa msiba kwa simu? Emecheta alizaliwa Lagos mwaka 1944, akahamia London, akaachana na mume na kulea watoto watano peke yake huku akisoma na kuandika. Ukitaka kumjua zaidi, fuata *Second-Class Citizen* (1974), ambamo mume wa Adah, mhusika mkuu, anauchoma moto mswada wa kitabu cha mkewe.

Kuna uhusiano gani kati ya kitabu hicho na Efuru?

*Efuru* ya Flora Nwapa ilitoka mwaka 1966, na Emecheta alilichota jina la kitabu chake kutoka ukurasa wa mwisho wa riwaya hiyo. Efuru ni mwanamke mzuri, hodari wa biashara, ambaye waume wawili wanamwangusha na mtoto wake wa pekee, Ogonim, anafariki. Anaitwa na Uhamiri, mungu wa kike wa ziwa, mwenye uzuri na mali na asiye na mtoto. Swali linaloachwa mwishoni ni kwa nini wanawake wanamwabudu yule ambaye hakuwahi kuonja furaha ya kuwa mama. Visome vyote viwili kwa kufuatana, cha Nwapa kwanza. Kimoja kinauliza, cha pili kinajibu kwa hasira.

Natafuta mtoto kwa miaka, au nimepoteza ujauzito. Kuna riwaya itakayonisindikiza?

Ziko mbili ninazozipendekeza, kwa tahadhari tofauti.

*Stay With Me* ya Ayọ̀bámi Adébáyọ̀ (2017) inamhusu Yejide, msusi mwenye saluni yake mjini Ilesa, Nigeria, miaka ya 1980. Ndoa yake na Akin ni ya mapenzi, lakini mimba haiji, na ndugu wa mume wanaleta mke wa pili mpaka sebuleni. Yejide anapanda mlima kwenda kuombewa na anaishia kumnyonyesha mbuzi aliyeviringishwa nguo kama kichanga. Ukikutana na tukio hilo bila kujua mateso yaliyotangulia unaweza kucheka. Ukishamjua Yejide unakaa kimya. Tahadhari: kuna vifo vya watoto na ugonjwa wa seli mundu. Kama jeraha lako bado bichi, kiache kwanza.

*Coming to Birth* ya Marjorie Oludhe Macgoye (1986) ni ya upole zaidi. Paulina anafika Nairobi mwaka 1956, wakati wa hali ya hatari, ana miaka 16, ana mimba, na anapotea njia kwenye mji asioujua. Mimba ile haifiki. Riwaya inamfuata mpaka mwaka 1978, Kenya ikikua pembeni yake. Yamo majonzi makubwa zaidi ya hayo, likiwamo la Kisumu mwaka 1969, lakini Macgoye haendi mbio kumfariji Paulina wala kumwadhibu. Anamwacha ajifunze kazi, apate chumba chake, asimame. Wanawake wengi niliowapa kitabu hiki hawakunirudishia, na sikuwadai.

## Mama aliyeondoka

Riwaya gani zinamzungumzia mama aliyewaacha watoto wake?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, na *Chozi la Heri* inalijibu vizuri kwa sababu inawaweka kina mama wawili karibu karibu. Naomi anamwacha Lunga na watoto watatu, Umulkheri, Dick na Mwaliko, hali ya maisha ilipobadilika. Baba anafariki, na watoto wanabaki mikononi mwa yaya aitwaye Sauna, ambaye anawaiba wadogo ili wauzwe. Subira naye anaondoka na kuwaacha wanawe, lakini yeye amesukumwa: ukoo wa mume haukumkubali kwa kuwa ni wa kabila jingine, na kila siku alikumbushwa hivyo. Darasani Naomi huitwa mbaya na Subira huonewa huruma, kisha kengele inalia. Soma ukiwa na swali jingine: watoto wao walijuaje tofauti hiyo? Kwa mtoto anayesubiri mlangoni, sababu za mama hazionekani.

*The Lost Daughter* ya Elena Ferrante wa Italia inampa mwenyewe nafasi ya kusema. Leda, mwalimu wa chuo kikuu, aliwahi kuwaacha mabinti zake wawili wadogo kwa miaka mitatu. Sasa wamekua, yeye yuko likizoni ufukweni, anamtazama mama kijana na mtoto wake, na anafanya kitendo kidogo cha ajabu: anaiba mdoli wa yule mtoto. Hajui kwa nini. Kitabu ni kifupi na hakina pa kupumzikia. Filamu yake ya 2021 ni nzuri, lakini soma kwanza.

Kwa upande wa mtoto anayemtafuta mama, *The First Woman* ya Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda (2020) ina uchangamfu ambao nyingine hazina. Kirabo amelelewa na babu na bibi kijijini Nattetta, enzi za Idi Amin, kila mtu anampenda, na hakuna anayetaka kumwambia mama yake ni nani. Anamwendea kwa siri Nsuuta, bibi kipofu anayesemwa kuwa mchawi, na anapewa mengi kuliko aliyoyaomba. Kuna pia *Dust* ya Yvonne Adhiambo Owuor, ambamo Akai, akipata habari ya kuuawa kwa mwanawe Odidi, anakimbilia jangwani kaskazini mwa Kenya na kumwacha binti aliye hai, Ajany, aomboleze peke yake.

Na mama aliyefariki mtoto akiwa mdogo?

*Siku Njema* (1996) kwanza. Kongowea ni mtoto wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu wa Tanga. Mama anafariki, mtoto anaangukia nyumba ya mateso, na baadaye anashika njia kumtafuta baba mpaka Kitale. Wengi hukumbuka safari. Mimi hukumbuka kwamba kila wema anaofanyiwa Kongowea njiani anaupima kwa kipimo cha mama.

*Nyota ya Rehema* ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976) ni ya Zanzibar na ni kali zaidi: mama amekufa, mtoto anakataliwa kwa rangi yake, na mama wa kambo hana huruma. Kiswahili chake peke yake kinatosha kukulipa.

Vipi kuhusu mlezi ambaye hakuzaa?

Katika *Kidagaa Kimemwozea*, Amani na Imani wanaachiwa kichanga mlangoni na wanakilea, wakashukiwa na hata kutiwa ndani, huku aliyekizaa na aliyezaa naye wakijulikana baadaye. *Chozi la Heri* nayo ina Apondi na Mwangeka wanaomchukua Umu, na Neema aliyekosa mtoto mpaka akampata Mwaliko.

Lakini kitabu kikubwa kwenye jambo hili ni *Maps* ya Nuruddin Farah wa Somalia (1986). Askar mama yake alikufa akimzaa, na aliyemwokota na kumlea ni Misra, mwanamke kutoka upande wa Ethiopia. Vita vya Ogaden vinaanza. Mtoto anakua, anafundishwa uzalendo, na anaambiwa kwamba mama huyo ni adui. Farah anaandika kwa kubadilisha nafsi, mara mimi, mara wewe, mara yeye, na mwanzoni inachosha. Vumilia mpaka sura ya tatu.

Mama mkwe je?

Jibu fupi: *Barua Ndefu Kama Hii*. Shangazi Nabou anamlea msichana tangu utoto kwa kusudi moja tu, amwozeshe mwanawe na kumwondoa mke asiyemtaka. Na mama yake Binetou anamsukuma binti huyo wa shule kwa mwanamume mzee ili yeye mama apate nyumba nzuri. Kati ya hao anasimama Ramatoulaye, mwenye watoto 12, anayegundua kwamba binti yake ana mimba kabla ya ndoa. Anachokifanya dakika ile ndicho kinachokifanya kitabu kiwe kikubwa, kwa hiyo sitakisema.

## Mama na binti, mama na mwana

Kwa nini riwaya nyingi ni za mama na binti?

Kwa sababu binti anatarajiwa kuwa mama yake, na siku moja anakataa. *Annie John* ya Jamaica Kincaid (1985), kutoka kisiwa cha Antigua, inakionyesha kipindi hicho kwa usahihi wa ajabu. Mama na Annie huvaa nguo zilizokatwa kwenye kitambaa kimoja. Mama hufungua sanduku lenye nguo na vitu vya utoto wa Annie, akatoa kimoja kimoja na kusimulia kilivyopatikana. Kisha Annie anakaribia kubalehe, na siku moja dukani mama anamwambia atafute kitambaa chake mwenyewe. Hakuna kofi wala kelele, na mtoto hapati nafuu tena.

*Nervous Conditions* ya Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe (1988) inaongeza umaskini na shule. Tambu analima mahindi yake ili ajilipie ada. Mama yake, aliyechakazwa na kazi na ndoa, anaogopa kwamba elimu ya kizungu itamchukua mtoto kama ilivyomchukua kaka mtu. Msomaji kijana humwona mama huyu kizuizi. Rudia kitabu ukiwa na miaka 40.

Kwa pwani yetu hakuna kama *The Dragonfly Sea* ya Owuor (2019). Munira anaishi Pate, kimojawapo cha visiwa vya Lamu, na mtoto asiye na baba wa kutajwa, na mji umemtenga. Binti, Ayaana, anajitafutia baba: anamchagua Muhidin, baharia aliyerudi nyumbani. Munira ana ulimi mchungu na mikono inayojua hina, maua na manukato, na anampenda mtoto kwa namna inayofanana sana na hasira. Mchanganyiko huo utautambua kama ulilelewa na mama aliyesemwa vibaya mtaani.

Mama na mtoto wa kiume?

*Gravel Heart* ya Gurnah (2017). Baba yake Salim anahama nyumba bila maelezo, anakwenda kukaa chumba cha nyuma ya duka, na mtoto ndiye anayempelekea kikapu cha chakula kutoka kwa mama. Anapita mitaa ya Zanzibar na kikapu hicho miaka na miaka, hajui wazazi wamefanyiana nini. Siri anaijua akiwa mtu mzima, baada ya kuishi London na baada ya mama kufariki, na ikifunuliwa unaelewa mama alilipa nini na kwa ajili ya nani.

*Shuggie Bain* ya Douglas Stuart, iliyoshinda tuzo ya Booker mwaka 2020, ni ya Glasgow, Uskoti, miaka ya 1980. Agnes ni mlevi, mrembo, mwenye kiburi cha usafi, na mwanawe mdogo ndiye aliyebaki kumlinda. Wenye mzazi mlevi wataikuta humo hesabu ileile ya kila jioni: leo amerudi vipi?

## Yaliyo mazito

Kuna riwaya kuhusu mama wa muuaji?

*Mother to Mother* ya Sindiwe Magona wa Afrika Kusini (1998). Tarehe 25 Agosti 1993 mwanafunzi Mmarekani, Amy Biehl, aliuawa na kundi la vijana Gugulethu, Cape Town. Magona anamtunga Mandisa, mama wa mmoja wa wauaji, anayemwandikia mama wa marehemu. Hamwombi amsamehe mwanawe. Anamsimulia jinsi mtoto yule alivyozaliwa, alivyofungwa mdomo na alichokiona utotoni, na jinsi serikali ya ubaguzi ilivyozing'oa familia na kuzitupa huko. Tunasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hapa wazazi wawili wanaujua, kila mmoja upande wake wa kaburi.

*We Need to Talk About Kevin* ya Lionel Shriver (2003) nayo ni ya barua, kutoka kwa Eva, mama wa kijana aliyeua wenzake shuleni Marekani. Eva anakiri kwamba hakumpenda mtoto tangu mwanzo. Ni kitabu cha ubishi mkali, na wapo wanaoamini Eva anajitetea tu. Mimi naamini anasema kweli nusu.

Beloved ni ngumu kama watu wanavyosema?

Ni ngumu kwa lugha na ni ngumu kwa kinachosemwa. Toni Morrison aliijenga (1987) juu ya tukio la kweli: Januari 1856, Margaret Garner alitoroka utumwani Kentucky, akavuka mto Ohio uliokuwa umeganda, na waliomfuata walipomfikia alimuua binti yake mdogo ili asirudishwe utumwani. Katika riwaya mama huyo ni Sethe, na aliyekufa anarudi nyumbani akiwa msichana mzima, akidai upendo wote aliokosa.

Soma kurasa 50 za kwanza bila kutaka kuelewa kila kitu, kisha zirudie. Morrison hakuulizi kama ungefanya hivyo. Anakuweka ndani ya banda la kuni na Sethe.

Mama katika vita na mauaji ya kimbari?

*Petit pays* ya Gaël Faye (2016) inasimuliwa na Gabriel, mtoto wa Bujumbura. Mama yake, Yvonne, ni mkimbizi wa Rwanda. Mwaka 1994 anakwenda kuwatafuta ndugu zake na anarudi mtu mwingine: usiku anamwamsha mdogo wake Gabriel, Ana, na kumsimulia alichokiona sakafuni. Mtoto mdogo anabebeshwa maiti. Ukitaka ya kweli kabisa, Scholastique Mukasonga ameandika *La Femme aux pieds nus* (2008) kumhusu mama yake, Stefania, aliyeuawa. Si riwaya, ni kumbukumbu, lakini siwezi kuitaja moja nikaiacha nyingine.

## Maswali ya msomaji mwenyewe

Kusoma na kusifu vitabu hivi si kumkosea mama adabu?

Tumelelewa tukiambiwa nani kama mama, na ni kweli. Lakini mama anayesifiwa tu haulizwi kama amekula. Vitabu hivi vingi vimeandikwa na wanawake ambao wenyewe ni mama, na wanachosema ni kile ambacho kina mama husemezana wenyewe kwa wenyewe, watoto wakishalala.

Nimejifungua juzi. Nisome ipi?

Yoyote fupi unayoweza kuiacha katikati: *Barua Ndefu Kama Hii* au *Annie John*. Ziache kwa sasa *Kevin*, *Beloved* na *Stay With Me*. Na ukiona huzuni haiondoki, mtoto humtazami au unawaza kujidhuru, mwambie mkunga au daktari leo. Kitabu hakitoshi hapo.

Nimefiwa na mama. Kuna kitu?

*Please Look After Mom* ya Shin Kyung-sook wa Korea Kusini (2008). Mama mzee anapotea kwenye umati wa kituo cha treni Seoul, na kila mwanafamilia, akimtafuta, anagundua alivyokuwa hamjui. Binti yake ni mwandishi wa vitabu. Mama hakujua kusoma. Kitaliza. Kama msiba ni wa mwezi huu, subiri arobaini ipite.

Mtoto wangu wa sekondari anaweza kusoma ipi?

*Siku Njema* na *Watoto wa Mama Ntilie* bila wasiwasi. Ipo pia *Takadini* ya Ben Hanson (1997), ambayo wanafunzi wengi wa Tanzania wanaifahamu: Sekai, baada ya miaka ya kutozaa, anajifungua mtoto mwenye ualbino, mila zinataka auawe, na mama anambeba usiku na kutoroka naye. *The River and the Source* ya Margaret Ogola (1994) inafaa pia, vizazi vinne vya wanawake kuanzia Akoko. Usimpe *Beloved* kabla ya kidato cha tano, na akiisoma, isomeni pamoja.

Naweza kumzawadia mama yangu mojawapo?

Ogola, bila kufikiri mara mbili. *The Lost Daughter* usimpe kama hamjazoea kuzungumza. Atadhani unamtumia ujumbe.

Je, ipo riwaya ya mtu aliyekataa kabisa kuwa mama?

*The Autobiography of My Mother* ya Kincaid (1996). Xuela wa Dominica mama yake alikufa dakika ileile alipozaliwa yeye, na anaishi maisha marefu akiwa ameamua kwamba hatazaa. Haombi radhi ukurasa hata mmoja. Isome baada ya *Annie John* na mbali kidogo nayo, wiki kadhaa, maana ukizifuatanisha upesi sauti ya pili itaifunika ya kwanza.